Stane Street na Walioiandika

Wenzetu wanaoishi kusini mwa London, wale wa Clapham, Balham, Tooting na Colliers Wood, hupita kila siku juu ya barabara ya Warumi bila ya kuambiwa. Barabara ya A24 inafuata hapo, kwa sehemu kubwa, mstari uliopigwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo kutoka London hadi Chichester, mji ulio karibu na pwani ya kusini. Hata treni ya chini ya ardhi, ile njia iliyofikishwa Morden mwaka 1926, imeufuata mstari huo huo, kwani wachimbaji wa njia hizo walipendelea kupita chini ya barabara ya umma kuliko chini ya nyumba za watu. Barabara hiyo huitwa Stane Street, na maana yake ni barabara ya mawe tu. Jina walilolitumia Warumi wenyewe halikuhifadhiwa popote.

Ndugu wasomaji, sikusudii kuieleza barabara peke yake bali na wale walioiandika. Kwani njia hii ya kilomita 91 hivi imepata bahati ambayo njia nyingi hazikuipata: imeandikiwa vitabu vinavyogombana. Na mimi, mhandisi niliyesomea kazi yangu ugenini na kuila chumvi yake hadi leo, hupenda sana ugomvi wa vitabu unaoweza kuamuliwa kwa kamba ya kupimia.

Wa kwanza ni Hilaire Belloc, aliyetoa The Stane Street mwaka 1913. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1870, akakulia Slindon, kijiji kilicho karibu sana na barabara yenyewe, akawa mshairi, mwanahistoria, baharia wa mashua yake mwenyewe, na hata mbunge kutoka 1906 hadi 1910. Huyu ni mwandishi asiyejua kusita. Ukimsoma unahisi unatembea nyuma ya mtu mwenye fimbo na kofia, anayekuonyesha tuta hapa na ua wa miti pale, na kila baada ya hatua kumi anakuhakikishia kwamba jambo haliwezi kuwa vingine. Anawaza kwa niaba ya mhandisi wa Kirumi: hapa angefanya hivi, pale asingeweza kufanya vile. Ni raha kumfuata. Shida ni kwamba ardhi haikuahidi kumfuata.

Mwaka 1922 akatokea Kapteni W. A. Grant, mtu wa Ordnance Survey, ile idara ya ramani ya Uingereza, na kitabu kiitwacho The Topography of Stane Street. Jina lake dogo linasema wazi kwamba ni uhakiki wa kitabu cha Belloc. Fikirieni jambo hilo: kitabu kizima kimeandikwa ili kukipima kitabu kingine. Grant alikwenda na vipimo vya kazi yake, akaonyesha penye hitilafu, mahali baada ya mahali. Hana mzaha, hana upepo wa mlimani wala harufu ya majani. Ana nyuzi, umbali na miinuko.

Wengi waliowahi kugusa habari hii humtaja Belloc kwa mapenzi na Grant kwa heshima, kisha wanaendelea kumsoma Belloc. Mimi naona Grant amedhulumiwa. Kwani jambo la ajabu kuliko yote katika barabara hii linaonekana kwa vipimo tu, halionekani kwa fasaha. Ukipiga mstari ulionyooka kutoka lango la mashariki la Chichester hadi penye daraja la London, utaona kwamba barabara haiuachi mstari huo kwa zaidi ya maili 6 hivi popote, na zile maili 12 za mwisho, kutoka Ewell kuingia London, imekaa juu ya mstari wenyewe. Na miji hii miwili haionani. Katikati yake pana safu mbili za milima ya chokaa, North Downs na South Downs, na baina ya safu hizo pana bonde pana la udongo mzito liitwalo Weald, ambalo wakati ule lilikuwa na misitu mingi. Aliyeupiga mstari ule alijua mwelekeo wa London akiwa Chichester, bila ya dira na bila ya ramani tunayoweza kuiita ramani.

Walifanyaje? Chombo chao kilikuwa groma, nguzo yenye msalaba juu, na kwenye kila ncha ya msalaba inaning'inia timazi. Kwa chombo hicho mtu aweza kutazama timazi mbili zikazibana na kitu kilicho mbali, na hivyo kujua kwamba vyote vimo katika mstari mmoja. Lakini kwa miji isiyoonana inabidi kuwa na watu juu ya vilima vya kati. Mtu wa kilima cha kwanza anamsogeza wa kilima cha pili mpaka awe sawa baina yake na mwisho wa upande ule. Kisha wa pili anamsogeza wa kwanza mpaka awe sawa na mwisho wa upande huu. Wanasogezana hivyo kwa zamu, kwa moshi mchana au moto usiku, hadi hapana wa kusogea tena. Ni kazi ya subira, si ya miujiza. Fundi yeyote aliyewahi kunyoosha nguzo za ua kwa jicho ataielewa mara moja.

Na baada ya kuupata mstari, wakauacha! Hapa ndipo vitabu vya shule vinapowapotosha watoto wetu, vinaposema kwamba Warumi walijenga barabara zilizonyooka kama kwamba hiyo ilikuwa dini yao. Mstari ulionyooka ulikuwa njia rahisi ya kupima, basi. Penye mlima wa Leith Hill barabara imepita kando. Kwenye North Downs imetafuta pengo la mto Mole karibu na Dorking. Kwenye ukingo wa kaskazini wa South Downs, pale Bignor Hill, inateremka kwa ubavu ubavu kwenye mteremko mkali, kama atakavyoteremka mtu mwenye mzigo. Aliyeijenga aliupenda mstari wake, lakini aliwahurumia ng'ombe wa kukokota.

Baina ya Grant na watu wa baadaye yupo S. E. Winbolt, mwalimu wa shule ya Christ's Hospital karibu na Horsham, aliyechimba kwa mikono yake, kisha akatoa With a Spade on Stane Street mwaka 1936. Huyu sitamkawiza sana. Alichimba Alfoldean, penye kituo chenye boma karibu na kivuko cha mto Arun, na kituo chake kwa kaida hutajwa pamoja na kile cha Hardham. Jembe lilikuwa limefika, na hilo ndilo jambo kubwa.

Wa kuzungumza naye kwa kirefu ni Ivan Margary. Alizaliwa 1896, akafariki 1976, alikuwa mtu wa Sussex, na kitabu chake Roman Roads in Britain kilitoka kwa juzuu mbili, 1955 na 1957. Kabla yake, habari za barabara hizi zilikuwa kama duka lililopinduliwa: kila jarida la wilaya lina kipande chake na kila mchungaji wa kanisa ana njia yake ya Kirumi inayopita nyuma ya bustani yake. Margary akazikusanya, akazipa namba, na mpaka leo wataalamu wanazitaja kwa namba hizo. Mwaka 1939 alifukua kipande cha barabara ya kwenda Lewes, pale Holtye, kikaonekana kimetandazwa mavi ya chuma badala ya kokoto. Mafundi wa Weald walikuwa wakiyeyusha chuma kwa wingi, taka zake zimerundikana, na mjenzi barabara akasema hewala, nipeni mimi. Baada ya kutandazwa taka hizo ziliota kutu zikashikamana kama zege. Hakuna sura ya Belloc inayonifurahisha kama kipande hicho cha kutu.

Lakini nina ugomvi na namba zake. Barabara kubwa zimepewa tarakimu moja: Watling Street ni 1, Ermine Street ni 2, Foss Way ni 5. Zinazofuata zina tarakimu mbili, na vijia vina tatu. Stane Street ni 15. Kwa hiyo msomaji anapofungua kitabu anaiona kama tawi la upande wa kusini mashariki, na London kama shina. Kwa kuweka mafaili mpango huo hauna kasoro. Kwa historia unageuza kichwa chini miguu juu, kwa sababu majeshi ya Klaudio yalipovuka bahari mwaka 43 London haikuwapo. Ilianzishwa miaka michache baadaye. Stane Street ilikuwa ikitumika kufikia mwaka 70, na huenda ilijengwa katika miaka kumi ya mwanzo ya utawala huo. Wakati huo, upi ulikuwa mwanzo wa barabara na upi mwisho wake?

Jawabu halikutoka kwa Belloc, wala Grant, wala Margary alipoandika juzuu zake. Lilitoka kwa bomba la maji. Mwaka 1960 mtaro wa bomba kuu la maji ulikuwa ukichimbwa Fishbourne, kilomita mbili hivi magharibi ya Chichester, penye ncha ya hori la bahari. Wachimbaji wakakuta kuta na vigae. Kutoka mwaka 1961 Barry Cunliffe, aliyekuwa bado kijana, akaongoza uchimbaji, na likafichuka kasri kubwa la Kirumi lililojengwa kiasi cha mwaka 75 hadi 80, lenye sakafu za vijiwe vya rangi na bustani ya katikati iliyopangwa kwa ua wa miti. Likaungua kiasi cha mwaka 270 na halikujengwa tena. Wageni wengi hwenda kwa ajili ya sakafu, hasa ile ya kijana aliyepanda pomboo, na hawana makosa. Mimi humwomba mgeni atazame kilichokuwa chini ya kasri. Chini yake zilionekana alama za nguzo za maghala ya nafaka ya mbao na njia zilizotandazwa kokoto, za wakati wa mwanzo wa uvamizi. Yaani kabla ya marumaru palikuwa na bohari.

Mhandisi akiona ghala, hori na barabara mahali pamoja hahitaji kuelezwa tena. Nafaka, mafuta, mvinyo na vyombo vinashuka majini, vinakwenda juu. Barabara inaanza pale mashua inapokaa kwenye tope maji yakipwa, wala si langoni mwa Chichester kwa kuwa ndipo ukuta wa mji ulipo. Na ukuta wenyewe ulijengwa baadaye sana. Belloc na Grant waligombana kwa bidii juu ya mstari unaoanzia lango la mashariki, na wote wawili walikuwa wamesimama upande wa pili wa mji, migongo yao imeelekea bahari.

Yako maandishi mawili ya kale yanayostahili kusomwa pamoja hapa. Katika orodha ya safari iitwayo Antonine Itinerary, iliyokusanywa mwanzoni mwa karne ya tatu, zimo safari 15 za Britania. Ya saba inatoka Chichester kwenda London. Kwa mshangao wa kila anayeisoma, haipiti Stane Street. Inazunguka magharibi, karibu na Southampton ya leo, ikapanda Winchester na Silchester, jumla maili 96 za Kirumi, kama kilomita 142, wakati barabara ya mkato ya kilomita 91 ipo. Margary na wenzake wanaitumia orodha hii kama ramani ya barabara, nayo si ramani. Ni mkusanyiko wa safari za watu wenye shughuli zao njiani.

Maandishi ya pili ni yetu sisi. Katika karne hiyo hiyo iliyojengwa Stane Street, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki alituachia Periplus ya Bahari ya Eritrea, na ndani yake imo pwani ya Azania hadi mji wa Rhapta, pamoja na pembe za ndovu zilizotoka huko. Yeye anataja bandari, pepo na siku za kusafiri baharini. Barabara za bara hazimhusu. Basi dola moja, karne moja: Azania inajulikana kwa bandari zake bila njia za bara, na Britania inajulikana kwa njia za bara, bandari zikiwa ncha tu za mistari. Sisi tuliozaliwa pwani tunajua kwamba bandari haikai bila njia ya kwenda bara, na njia ya bara haina maana bila bandari. Labda ndiyo sababu nasoma vitabu hivi kwa jicho la ukaidi.

Na pwani yenyewe haikutulia. Kusini mwa Chichester, rasi ya Selsey imekuwa ikiliwa na bahari kwa karne nyingi. Palikuwa na makao ya askofu huko, yakahamishiwa Chichester mwaka 1075. Mwaka 2013, pale Medmerry, wahandisi wa serikali walifanya jambo ambalo baba zao wa kazi wangeliita wazimu: walijenga kingo mpya ndani zaidi, kisha wakaubomoa kwa makusudi ukingo wa zamani wa changarawe, bahari ikaingia ikatengeneza kinamasi cha kupunguza nguvu ya mawimbi. Ukiitazama kazi ile unafahamu kwa nini ramani yenye mstari mmoja wa pwani, uliopigwa wino mzito, haifai kwa historia ya Warumi. Wao walipakua mizigo mahali ambapo leo pana tope, au nchi kavu, au maji.

Uchunguzi mpya umeendelea kuisogeza hadithi kuelekea pwani. Mwaka 2014 ndege iliyobeba mitambo ya leza ilipita juu ya misitu ya South Downs baina ya barabara ya A3 na mto Arun. Miale hupenya majani na kuonyesha umbo la ardhi chini yake. Ikaonekana barabara ya Kirumi inayotoka Chichester kuelekea mashariki, upande wa Arundel, ambayo wataalamu, Margary akiwamo, walikuwa wakiikisia tu. Hiyo ni barabara ya pwani. Haiendi London hata kidogo.

Tena liko jiwe. Lilifukuliwa Chichester mwaka 1723, limechongwa maandishi ya Kilatini, linasema kwamba chama cha mafundi walijenga hekalu kwa gharama zao, kwa idhini ya Togidubnus, mfalme mwenyeji aliyekuwa rafiki wa Roma. Hekalu la miungu gani? Neptuni wa bahari, na Minerva wa ufundi. Mafundi wa mji ule walijua riziki yao inatoka wapi, wakaiandika kwenye jiwe, miaka 190 kamili kabla ya kitabu cha Belloc jiwe lilikuwa limekwisha kuonekana na kila mtu.

Sasa nina neno na sisi wenyewe, kwani kosa la Belloc si la Belloc peke yake. Mwaka 2012, katika bohari ya ukumbi wa mji wa Eastbourne, pwani hiyo hiyo ya Sussex, ilipatikana mifupa ya mwanamke wa zama za Warumi ndani ya sanduku lililoandikwa kwamba imetoka Beachy Head. Kwa umbo la fuvu ikasemwa ni Mwafrika wa kusini ya Sahara. Mwaka 2016 kikawekwa kibao cha kumkumbuka, na kikaja kuondolewa. Nami nimeona habari hiyo ikisomeshwa kwa furaha katika madarasa ya Jumamosi ya watoto wetu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2025 umeonyesha kwamba asili yake ni ya hapa hapa kusini mwa Uingereza. Wako kati yetu walionuna, kama kwamba tumenyang'anywa ndugu.

Tusinune. Mwenye kutaka Waafrika katika Britania ya Warumi aende Burgh by Sands, karibu na ghuba ya Solway huko kaskazini, penye jiwe linalotaja kikosi cha Wamori wa Aureliani, na orodha ya dola ya baadaye inakitaja kikosi hicho mahali hapo hapo. Walikuwa watu wa Afrika ya Kaskazini, hawakuwa wa pwani yetu, na tuwaache wawe hivyo walivyokuwa. Ushahidi wao una maandishi mawili yanayokubaliana. Ule wa Eastbourne ulikuwa na umbo la fuvu na hamu yetu.

Basi nisome nini, ataniuliza mtu. Belloc alifariki mwaka 1953 na haki za kitabu chake hapa Uingereza zilikwisha mwisho wa 2023, kwa hiyo ni mali ya kila mtu; msomeni, ila msimshike mkono penye njia panda. Grant mtafuteni katika maktaba za Sussex. Margary ni wa kuwa mezani, ramani iko pembeni. Na mwenye miguu mizuri asianze safari langoni mwa Chichester. Ashuke kituo cha treni cha Fishbourne, alione kasri, kisha ateremke horini maji yakiwa yamepwa, avae viatu vya tope, na kutoka hapo ndipo ageuke kuelekea mashariki, mji na Halnaker mbele yake. Tuta zuri kuliko yote lipo Gumber, kabla ya kufika Bignor Hill, na kondoo wamelikalia.